Mpunga wa Mama Leonia

Nyie mliokaa huko pembeni ya turubai, sogeeni. Na nyie mnaosubiri wali uive, msijifiche nyuma ya masufuria, mimi sina neno na watu wa wali, niliwahi kuwa mwenyekiti wao. Juzi pale makaburini mlinishangaa. Kijana wa kwaya kaniletea kipaza sauti, kasema, "Mzee Dezi, sema machache kuhusu Mama Leonia," na mimi nikakirudisha kama mtu aliyepewa kaa la moto. Nikasikia mtu nyuma ananong'ona, "Mzee anaumwa huyo." Maana mnanijua. Mtu akiniuliza habari za asubuhi barabarani, jua linazama bado sijamaliza kumjibu. Mbuzi wangu wananisikiliza mpaka wanasahau kucheua. Sasa mtu wa hivyo akikataa kipaza sauti kwenye maziko ya mama aliyemlea ukubwani, lazima kuna jambo. Jambo lipo. Nitalisema leo tukiwa tumekaa, kwa sauti ya kawaida, na mjukuu wangu huyu ananirekodi kwenye simu aje aliandike, kwa sababu mimi na kalamu tulisalimiana mara moja tu na hatukupendana.

Habari za ukoo wangu tuziache, hazina mchuzi. Anzieni hapa: nilikuwa kijana, kibarua wa kupakia mizigo kati ya Michenga na Ifakara, nina nguvu za kubeba gunia la mpunga na mwenye gunia akiwa amekaa juu yake. Kanisani nilikuwa naenda Krismasi, na hiyo Krismasi yenyewe nasimama nje penye kivuli. Basi mchana mmoja, baada ya kushusha magunia, nikalala chini ya mkokoteni wa ng'ombe. Mkokoteni ulikuwa wa Masanja, Msukuma aliyehamia bondeni na mifugo yake, mtu mrefu, ukimwomba maneno anakupa mawili, la tatu analiweka akiba. Masanja karudi kutoka kunywa maji, hakuangalia chini, kapanda, kawaambia ng'ombe twende. Gurudumu likapita juu ya paja langu. Mfupa ulilia mpaka watu wa Kidatu wakadhani treni imefika. Masanja huyo huyo akanipakia kwenye mkokoteni huo huo kunipeleka hospitali. Njia nzima mimi namtukana, njia nzima yeye ananijibu, "Pole. Lakini na wewe."

Wodini mguu wakauning'iniza kwa kamba na vyuma vizito, nikawa kama nyama buchani. Maumivu niliyavumilia, singoji sifa. Kilichonishinda ni saa ya chakula. Mnajua kwetu mgonjwa analetewa chakula na ndugu zake. Jioni kina mama wanaingia na bakuli zimefungwa kwenye vitambaa, wodi nzima inanukia samaki, kila kitanda kina mtu wake anayesema "kula, kula kidogo tena," na kitanda changu kina mimi. Nikawa nafumba macho wakianza kuingia. Nakoroma kabisa. Bora waseme huyu amelala kuliko waseme huyu hana mtu. Jumapili moja wakapita wanawake wa jumuiya ya Michenga, wale wa nyumba za jirani wanaosali pamoja kila wiki na kuzungukia wagonjwa. Wakapita kitanda changu kwa sababu nimelala. Mmoja akarudi. Mama mfupi, mjane, khanga imefungwa kwa nguvu kiunoni kama anakwenda vitani. Nikasikia anawaambia wenzake, "Huyu macho yamelala, lakini tumbo linaongea." Akavuta stuli, akafungua bakuli, wali na samaki, kitoga mwenye mafuta. Huyo ndiye Mama Leonia. Kesho yake akarudi. Na kesho yake. Siku niliyoruhusiwa kutoka na lile hogo la plasta kuanzia kiunoni, nikiwa sijui niende wapi, nikakuta mkokoteni wa Masanja mlangoni. Mama Leonia ndiye aliyemwita. "Twende nyumbani," akaniambia, kama vile nyumbani kwake ni kwangu tangu nizaliwe.

Chumba alichonipa ndicho alichokuwa anawekea mbegu. Magunia ya mpunga wa kupanda ukutani, kitanda changu katikati, na kuku waliokuwa wanapenda kulala juu ya hogo langu kwa sababu lilikuwa tambarare. Mmoja alitagia pale, na sikumfukuza, nilikuwa nahesabu mayai kama mapato yangu. Mama Leonia alikuwa na wajukuu wawili, yatima, na shamba moja la mpunga bondeni. Hilo shamba ndilo lililokuwa baba wa nyumba ile. Likizaa, wanakula wali mwaka mzima na mbegu inabaki. Lisipozaa, hakuna mwingine wa kuulizwa. Nataka mlishike hilo. Asubuhi nilikuwa namsikia anatoka na jembe wakati mimi nimelala na hogo. Baadaye nikawa namsikia anatoka na jembe wakati mimi nimelala bila hogo.

Siku hogo lilipotolewa, mguu ulitoka mwembamba kama mpini wa ufagio, ngozi inabanduka, na harufu yake hata nzi walikuwa wanashauriana kwanza. Mama Leonia akaniketisha uani, akaleta beseni la maji ya moto na kipande cha sabuni, akapiga magoti. Nikaona haya. Nikamwambia, "Mama, acha, nitaosha mwenyewe." Akasema, "Hutaufikia." Akaanza kunisugua taratibu, kidole kwa kidole. Nikamuuliza, "Mama, mimi si ndugu yako, wala sijakufanyia lolote. Kwa nini unanifanyia hivi?" Hakuinua hata uso. "Kwa sababu mguu unanuka, Dezi. Lete na huo mwingine." Jamani, nililia. Nililia mpaka maji ya beseni yakaongezeka. Habari ya Mungu kutupenda nilikuwa nimeisikia kama mtu wa bara anavyosikia habari ya bahari, anakubali kwamba ipo. Asubuhi ile nililowa. Na hapo siwadanganyi wala siongezi chumvi. Mungu alinikuta uani kwa Mama Leonia, nimekaa kwenye kigoda, nanuka.

Sasa mtu aliyependwa hivyo ilimpasa afanye nini? Mimi nilianza kusimulia. Jumuiya ilipokutana pale nyumbani nikaomba nafasi ya ushuhuda, nikasimulia mkokoteni, wodi, beseni, watu wakalia. Nikaona utamu wake. Wiki iliyofuata ng'ombe wa Masanja, ambao walikuwa wawili, wakawa wanne. Nilipofika kusimulia Mkula walikuwa wanane, na Sanje mkokoteni ukavutwa na ng'ombe kumi na wawili kama makabila ya Israeli, huku simba ananusa nyuma. Watu walikuwa wananifuata kwa baiskeli. "Tunamwomba yule kijana wa mguu." Nikifika nachinjiwa kuku. Nilikula kuku mwaka ule mpaka nikawa naamka alfajiri nataka kuwika. Siku moja Masanja alikuja kusali nasi, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema polepole, "Hao ng'ombe wengine, kama umewaona, nirudishie." Watu walicheka. Nikacheka na mimi, nikasema Masanja bado mchanga katika imani.

Kuna mazungumzo niliyasikia kupitia ukuta wa chumba cha mbegu. Wanawake walikuwa uani wanatwanga pepeta, ule mpunga mbichi unaokaangwa na kutwangwa ukawa bapa. Jirani mmoja anasema, "Leonia, mguu wa huyo kijana umepona siku nyingi. Jana nimemwona anaukimbiza mpira." Mchi unapiga. "Mgonjwa akisimulia sana ujue hana ugonjwa." Mchi unapiga. Mama Leonia anajibu, "Mwache asimulie. Wajukuu wanalala mapema." Wakacheka. Mimi huku ndani nikafurahi, nikasema unaona, hata watoto nawahudumia. Mlango ukafunguliwa nikaletewa sahani ya pepeta na nazi, nikala yote. Leo nikiikumbuka ile sahani natamani ardhi ya chumba kile ingefunguka, lakini ilikuwa imesakafiwa vizuri.

Katekista Otmari, aliyekuwa anaongoza kigango chetu, aliniuliza mara moja tukitoka ibadani. "Dezi, Mungu amekupenda, tumesikia vizuri sana. Na wewe unamtumikiaje?" Nikamjibu bila kumeza mate, "Si ndiyo hivi, Katekista? Natoa ushuhuda." Akajikuna shingo. "Sawa," akasema. Ile sawa yake ilikuwa na urefu, lakini mimi nilikuwa na mwaliko mahali.

Mpunga ukafika wakati wa kukomaa. Hapo watu wote wanahamia mashambani, wanalala kwenye vibanda na kushinda juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kufukuzia ndege. Kwelea wakishuka kwenye mpunga hawaombi ruhusa. Wanakuja asubuhi na wanakuja jioni, na jioni ndiyo mbaya zaidi kwa sababu wanataka kulala wameshiba. Jumuiya nayo inahamia huko huko. Wiki ile zamu ya kusalisha ilikuwa kwenye shamba la Mama Leonia, chini ya dungu lake, saa za alasiri. Wengine walikuwa wameacha watu kwenye madungu yao. Mama Leonia hakuwa na wa kumwacha, wajukuu walikuwa wadogo, wanalala kibandani. Kabla hatujaanza akanivuta pembeni, kwa adabu kabisa. "Baba, leo usirefushe. Ndege wanashuka jioni." Nikamwambia, "Dakika tano tu, Mama."

Injili ikasomwa, nikapewa nafasi. Bwana, siku ile nilikuwa na upako. Jua limelala juu ya mpunga, mpunga wa dhahabu, wanawake wananitazama, hata Masanja kaacha ng'ombe wake kasimama na fimbo kusikiliza. Nikasimulia mpaka nikafika beseni, kila mtu anafuta machozi. Ingeishia hapo mngenizika na heshima zangu. Lakini nikaona watu wameiva, nikasema, "Tushikane mikono. Tufumbe macho. Tumshukuru Mungu kwa upendo wake." Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeushika wa Mama Leonia. Nikaomba. Niliombea wagonjwa, wasafiri, serikali, wafungwa, nikaombea nchi nyingine ambazo sizijui zilipo. Katikati nikahisi Mama Leonia anauvuta mkono wake. Nikajua Roho amemshukia. Nikaukaza. Akavuta tena, nikapandisha sauti, watu wakaanzisha wimbo, na mimi nikaimba juu yao wote. Kulikuwa na mvumo fulani kama upepo mkubwa, na nawaambia ukweli, niliusikia, nikadhani ni Pentekoste.

Nilipofumbua macho upande wa mtoni wa shamba ulikuwa mweusi. Ndege hawakuwa wameketi kwenye mpunga, walikuwa wameufunika. Mabua yanainama na kuinuka kama kitu kinachopumua. Mama Leonia aliutoa mkono wake kwenye wangu, akaupangusa kwenye khanga, akachukua debe lake na fimbo, akaingia shambani anapiga. Wenzake wakamfuata. Ndege wakaruka, wingu zima, wakazunguka mara moja na kutua upande wa pili, wakafukuzwa na huko, na jua likazama. Kwenye ule upande wa mtoni masuke yalikuwa yamesimama wima. Suke lenye punje huwa linainama, mnajua. Yale yalikuwa yamesimama kama watu waliotua mizigo. Hakuna aliyenisema. Ningefurahi kama mtu angenisema. Ni Masanja tu aliyepita karibu yangu na fimbo yake, akaangalia shamba, akaniangalia, akasema, "Ndege hawakufumba macho." Akaenda zake.

Jioni ile kibandani Mama Leonia alipakua wali. Wajukuu kidogo, yeye kidogo, mimi sahani iliyojaa kama kawaida, kwa sababu nilikuwa mgeni wake na mgonjwa wake. Niliuangalia ule wali, na kila punje iliniangalia. Nimewahi kumeza mfupa wa samaki, nimewahi kumeza dawa chungu, lakini kitu kigumu kama ule wali sijapata kukimeza. Nikasema, "Mama." Akasema, "Kula." Nikasema, "Mama, mimi." Akasema, "Kula, Dezi. Kinapoa." Basi.

Alfajiri nikatoka kabla yake, nikaenda kwa Katekista Otmari. Nikamkuta anawasha moto. "Shikamoo, Katekista." "Marahaba. Nimeambiwa." Nikamwambia nimepiga magoti moyoni, nataka Jumapili nisimame mbele ya kigango kizima niombe msamaha, nieleze yote, watu wajifunze. Na ninyi mnaonijua mtaniamini nikisema tayari nilikuwa nimeshapanga pa kuanzia na pa kulia. Otmari akapuliza moto wake mpaka ukashika. "Unataka kusimama tena?" Akasukuma kuni ndani. "Mama Leonia amebakiwa na shamba la upande wa juu. Ule ndio wali wa wale watoto, na ndiyo mbegu. Ndege saa hizi wanajinyoosha. Na wewe uko hapa kwangu unatafuta Jumapili."

Nilikimbia na ule mguu. Nilimkuta Mama Leonia anataka kupanda dungu. Nikamwomba debe. Akautazama mguu wangu, akatazama ngazi ya miti, akauliza, "Utaweza?" Nikasema nitaweza, na sikuongeza neno, ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema sentensi ikaisha. Nikapanda. Nilikaa juu ya lile dungu mpaka mpunga ukavunwa. Navuta kamba za makopo, napiga debe, narusha madonge ya udongo kwa kombeo, nawika, nabweka, nalia kama fisi. Ndege nao wana akili, walikuwa wakiniona nakunywa maji wanaambiana. Sauti ilikatika kabisa. Watu wakipita chini wananisalimia, mimi naitikia kwa kichwa. Jirani yule wa pepeta alipita siku moja akasimama, akangoja, hakusikia kitu. "Leonia," akaita, "huyu anaumwa nini tena?" Mama Leonia akajibu kutoka ndani ya mpunga, "Kapona."

Tulivuna tulichovuna. Masanja alileta mkokoteni wake na ng'ombe wake wawili, ukarudi nyumbani na nafasi kubwa juu. Mama Leonia alitenga mbegu kwanza, akaiweka chumbani kwangu. Kilichobaki kilikuwa kidogo, na kabla msimu mwingine haujafika nyumba ile ilikula muhogo miezi ambayo nyumba nyingine zilikula wali. Na mimi nilikuwa nakula muhogo huo huo pamoja nao, asubuhi na jioni, nikiwaona watoto wanautafuna bila kuuliza. Hiyo ndiyo aibu ninayoizungumzia. Ya kuchekwa imeshapoa zamani. Hii ya kukaa mezani kwa mtu uliyemponza na yeye anakusogezea mchuzi, hii haijapoa, na juzi makaburini ilikuwa na moto wake wote.

Jumapili ya kwanza baada ya kuvuna, Mama Leonia alifunga bakuli kwenye kitambaa. Wali, kutoka kwenye ule kidogo. Nikadhani tunakula vizuri leo. Akanipa mkononi. "Peleka wodini. Wewe unaijua njia." Nikaenda. Nikatembea kati ya vitanda kama mwizi, namtafuta wa kumpa, mpaka nikamwona mzee mmoja kafumba macho anakoroma. Kukoroma kule nilikujua, mimi ndiye fundi wake. Nikavuta stuli. Alikuwa amejichafua, na hakuna aliyekuwa amemwona. Mdomo ulinifunguka, nawaambia ulifunguka wenyewe, nimweleze jinsi Mungu alivyonipenda kwenye kitanda kile pale. Nikaufunga. Nikaenda kutafuta beseni. Mara ya kwanza nilitoka nje nikatapika nyuma ya jiko, nikarudi. Alipokuwa safi nikamlisha, akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia ni wa Mama Leonia wa Michenga. Ndiyo maana mnaniona mpaka leo kila Jumapili na bakuli, na mkiniita mtumishi nageuza uso. Si unyenyekevu. Kila bakuli nikilifungua naona mpunga wa upande wa mtoni.

Kazi ile niliifanya kimya, na watu wakadhani nimeacha dini. Kisha ikafika ibada ya mavuno. Kila nyumba inaleta sehemu ya ilichovuna, na mwaka ule mpunga wa wengi ulikuwa bado na unyevu, kwa hiyo ukaanikwa nje ya kanisa juu ya maturubai, jua kali, na sisi wote ndani. Mama Leonia alileta ungo mmoja. Alikuwa hajanitamkia neno hata moja juu ya jioni ile, wala la kunisamehe wala la kunilaumu, na mimi nilikuwa sijathubutu kumuuliza. Nilikuwa napika naye, nalima naye, na sijui kama nimesamehewa. Baada ya matangazo Katekista Otmari akasema, "Kuna ndugu yetu hatujamsikia siku nyingi. Dezi, simama utupe neno." Kila mtu alikuwa na ile jioni kichwani, niliona kwenye shingo zao, hazikugeuka. Nikasimama nimeshika benchi. Maneno yote niliyokuwa nayo toka kuzaliwa yamenikimbia. Nikamtafuta Mama Leonia upande wa wanawake. Alikuwa ananitazama bila kupepesa. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo, na kabla sauti haijatoka yeye akasimama, akafunga khanga vizuri kiunoni, akasema:

"Samahani, Katekista. Kabla hajaanza, tuma mtu akaulinde mpunga."